Saini Yangu, Barua Si Yangu

Siku niliyoitwa mwizi nilikuwa nimekaa juu ya marobota ghalani, utepe wa kupimia mdomoni, nagombana na mpakiaji juu ya nafasi ya katoni mbili. Yeye anasema haziingii, mimi nasema zinaingia. Simu ikalia. Nikaona ni shoga yangu wa Kariakoo, nikapokea huku nacheka, maana nilijua anapiga kuniambia kwamba marobota yake arobaini ya vitambaa vya madera yamefika salama na amekwisha kuyachukua.

"Shoga," akasema, "mzigo wangu umempa nani?"

Mimi ni mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko Guangzhou. Nina ofisi ndogo ndani ya Tianxiu, lile jengo la mtaa wa Xiaobei ambalo ukipanda lifti yake asubuhi unasikia Kiswahili cha namna nne kabla hujafika ghorofa yako. Kazi yangu ni kukusanya mizigo ya watu wengi, ya huyu katoni tano, ya yule marobota ishirini, nikaipakia yote katika kontena moja na kuipeleka Dar es Salaam. Kontena likifika, wakala wetu wa kule hulifungua ghalani kwake na kugawa. Yeye hamjui mtu kwa sura wala kwa ukoo. Anachokijua ni barua pepe yangu: mzigo wenye alama hii apewe fulani, wenye alama ile apewe fulani. Bila barua yangu hatoi hata kamba.

Na barua ilikuwa imekwenda. Ilitoka kwenye anwani yangu, ikasema marobota arobaini ya shoga yangu apewe bwana mmoja ambaye jina lake sijapata kulisikia. Wakala, mtu makini asiyependa lawama, aliitazama vizuri. Ilikuwa na ile alama ya kijani inayoonyesha kwamba saini ya mtumaji imethibitishwa. Akatoa mzigo. Bwana yule akaupakia kwenye lori, akashukuru, akaenda zake.

Nikamwambia shoga yangu sikuandika barua kama hiyo. Akanitumia picha yake. Nikaisoma neno kwa neno. Ilikuwa na salamu zangu, na namna yangu ya kuandika "tafadhali sana" mara mbili, hata ule mtindo wangu wa kumwombea wakala afya ya magoti yake. Mtu alikuwa amenisoma kwa muda mrefu.

"Basi kama si wewe," akasema, "nani mwenye saini yako?"

Hasira ikanijibia. Nikamwambia kama miaka tisa hajanijua hatanijua leo, nikamkatia simu. Ndivyo nilivyo. Mama yangu alinionya tangu utotoni kwamba hasira hasara, nami nikawa namjibu kwamba hasara nyingine ni ya wenye kunikasirisha.

Miaka tisa si maneno. Kila msimu akija kununua vitambaa kule Zhongda, karibu na Kangle ambako vyerehani havinyamazi, alikuwa halali hotelini. Alilala kwangu, akachukua mto wangu mzuri, akakosoa wali wangu. Alipopasuliwa kidole tumbo katika mji huu, mimi ndiye niliyekaa kitandani pake nikimtafsiria daktari, na nilitafsiri vibaya, tukacheka mpaka mshono ukamuuma. Na sasa mtu huyo ananiuliza nimempa nani mzigo wake.

Kabla ya magharibi habari ilikuwa imezunguka Xiaobei yote, na haikuzunguka kwamba ameibiwa. Ilizunguka kwamba nimemkatia simu. Watu wetu wanajua kusamehe mengi, lakini aliyeulizwa mzigo akakata simu, huyo amekula.

Kesho yake, Jumatatu, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya wafanyabiashara alipanda ofisini kwangu. Ni Mzanzibari wa makamo anayenunua mabegi ya kike huko Shiling, mpole, mwenye kuzungumza taratibu mpaka unatamani umsaidie kumaliza sentensi. Hakukaa.

"Binti yangu," akasema, "watu wana mizigo yao ghalani mwako. Kontena limejaa nusu. Wanataka kuitoa."

"Waitoe kwa kosa gani?"

"Ndiyo hilo tutalisikiliza. Ijumaa, baada ya sala, pale mkahawani tunapokutana. Uje na maneno, usije na ukali."

Nikamwambia nitakuja. Alipoondoka nilifunga mlango nikakaa chini sakafuni. Ulikuwa ule msimu ambao kuta za Guangzhou hutoa jasho zenyewe, ukiegemea unaloa mgongo, na nililoa nisijali. Hapa hatuna mahakama yetu, hatuna hati wala ukoo wa kutushikia dhamana. Mtu anakukabidhi mali yake na kurudi nyumbani kwa ndege kwa sababu fulani alimwambia wewe ni mwaminifu. Ijumaa wakisema si mwaminifu, sina kazi. Hilo ningelimeza. Nisiloweza kumeza ni kurudi Tanga nikiitwa mwizi wa madera ya rafiki yangu.

Mlango unaotazamana na wangu ni ofisi ya mtu wa Lubumbashi. Ananunua kompyuta na simu za kupeleka kwao, amesoma mambo hayo kwa Kifaransa, ni Mkristo wa kweli na huimba nyimbo za kanisani anapofungua mashine. Jumanne asubuhi akagonga.

"Dada, leo siku ya mbili sisikie makelele yako. Uko mugonjwa?"

Ningeweza kumwambia sijambo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa na siku tatu tu. Nikamweleza yote. Akasikiliza, halafu akaomba wakala wa Dar atume ile barua nzima, si picha, pamoja na yale maandishi marefu yasiyosomeka ambayo husafiri yamejificha juu yake. Ikaja. Akavuta kiti, akaanza kusoma yale ambayo mimi nilikuwa naona ni takataka za mashine, akiyafuata kwa kidole mstari kwa mstari.

"Signature ni ya kweli," akasema.

Nikamwambia kama amekuja kunimaliza angeniacha na ugonjwa wangu.

"Ngoja, dada. Hakuna mutu aliingia mu barua zako. Maneno yako labda aliyasoma kule zinafika. Hakuiba mot de passe, ile neno yako ya siri. Alitengeneza clé, funguo yako, akakaa nayo kwake."

Alinieleza mpaka nikaelewa, na naandika kama nilivyoelewa. Kila barua inayotoka kwangu, kompyuta inayotunza barua zangu huigonga muhuri kwa ufunguo wa siri. Ufunguo huo una mwenzake wa hadharani, ambao umebandikwa mtandaoni chini ya jina la ofisi yangu ili dunia nzima iutumie kukagua muhuri. Huo wa hadharani ni namba kubwa tu. Imepatikana kwa kuzidisha namba mbili zisizogawanyika, na hizo mbili ndizo siri yenyewe. Mtu akizijua, muhuri anao. Namba ikiwa ndefu, kompyuta zote za Guangzhou zinaweza kuitafuna mpaka zizeeke zisiigawe. Ikiwa fupi, mwenye subira anakodi mashine siku mbili tatu, anaipasua.

"Urefu wake unahesabiwa kwa biti," akasema. "Leo watu wanaweka elfu mbili arobaini na nane. Elfu moja ishirini na nne, tunasema ni ya zamani. Yako ni mia tano na kumi na mbili." Akanitazama. "Nani alikuwekea hii kitu kadogo hivi?"

Nikaanza kuukunja utepe wangu wa kupimia.

"Mimi," nikasema.

Ni hivi. Kazi yetu sisi wapakiaji ni kubana. Mteja analipia nafasi, na nafasi ni pumzi iliyomo katikati ya vitu, kwa hiyo tunaitoa pumzi yote. Nimetoa masanduku ya viatu nikatia soksi ndani ya viatu. Nimeingiza masufuria ndani ya masufuria, na vijiko ndani ya la mwisho. Kiwandani wakinipa katoni kubwa nasema bu xing, haiwezekani, nipe ndogo. Watu walikuwa wakija kutazama ninavyopanga kontena, na mimi nilikuwa napenda kutazamwa. Miaka sita iliyopita, nilipoamua ofisi yangu iwe na anwani yake yenyewe badala ya ile ya bure ya kila mtu, niliweka mambo kwa mkono wangu ili nisimlipe mtu. Mtambo ukanipa funguo za urefu wa aina tatu nichague. Nikachukua ule mrefu, kwa heshima ya urefu wake. Nikaenda kuubandika kwenye ukurasa wa kampuni iliyoniuzia jina, ukurasa wote kwa Kichina, na kisanduku kikakataa: herufi zimezidi. Nikajaribu tena, kikakataa tena. Basi mtu mwingine angechukua wa katikati. Mimi nikaona wa katikati ni kupoteza nafasi. Ikiwa mdogo kabisa unafunga, wa katikati wa nini? Nikaubandika ule mfupi, ukaingia ukaacha na nafasi, nikajipongeza kwa chai.

Tangu hapo barua zangu kwa baadhi ya wateja zilikuwa zikitupwa kwenye taka. Mitambo mikubwa inayojua kazi iliona saini fupi ikaidharau. Nililaumu mtandao, nililaumu wateja hawatazami vizuri. Ofisi ya wakala wa Dar ina mtambo mkongwe unaokubali saini yoyote, kwa hiyo kule barua zangu zilifika zikiwa na alama ya kijani. Kule kule ambako mwizi alizihitaji.

Mlubumbashi alicheka mpaka akavua miwani. Nilimwacha acheke, alikuwa na haki.

"Na kile kisanduku kilichokataa?" nikamuuliza.

"Kinapokea herufi mia mbili hamsini na tano kwa kipande kimoja. Clé ndefu unaikata vipande mbili, kila kimoja mu alama zake za kufungua na kufunga. Mashine itaviunga."

Nilijisikia vibaya kuliko siku zote tatu. Kila wiki napakia mashine za kusaga ambazo haziingii katika kreti moja. Tunazikata katika kreti mbili, tunaandika maitou moja juu ya zote, yaani ile alama ya mzigo, moja ya mbili, mbili ya mbili, na mpokeaji anaziunga. Kazi ambayo naifanya nikiwa nimefumba macho, kwenye kisanduku cha Kichina ilinishinda.

Nikataka tuubadilishe ufunguo palepale. Akanizuia. Tukiuondoa, akasema, tunaondoa na ushahidi. Maelezo ya namba yangenisaidia nini mbele ya wauza masufuria? Wangesema nimemwajiri fundi aniletee maneno magumu. Tulipaswa kuwaonyesha kwa macho yao kwamba mtu asiye mimi, asiye na kompyuta yangu wala neno langu la siri, anaweza kuandika barua ikafika Dar na saini yangu.

"Tuivunje sisi wenyewe," akasema.

Dawa ya moto ni moto. Nikamwambia aanze.

Jumatano asubuhi alikodi mashine mtandaoni, nyingi, akazipa ile namba yangu ya hadharani ziipasue. Mimi sikuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja si kipaji changu. Nilifua mapazia. Nilikwenda kwa laoban, yaani bosi, wa duka la katoni, nikamgombeza kwa unyevu ambao hakuuleta yeye. Alhamisi nilifunga, ikiwa nusu ni ibada na nusu ni kwamba chakula hakipiti. Nilikuwa natoka kuswali alasiri nikasikia kutoka upande wa pili wa ujia wimbo wa kanisani ukiimbwa kwa sauti ambayo jengo lile halijawahi kuisikia.

Nilikimbia na kanga za sala. Kwenye kioo cha kompyuta yake zilikuwepo namba mbili, kila moja mistari miwili. Akazizidisha mbele yangu. Ikatoka namba yangu, tarakimu kwa tarakimu, ile niliyoibandika kwa mkono wangu miaka sita nyuma. Sijapata kufurahi namna ile kwa kuona kufuli langu limevunjwa. Nilipiga vigelegele mpaka laoban wa ofisi ya mizigo ya ndege akatoka kuuliza nani ameoa.

Ijumaa baada ya sala mkahawa ulijaa. Waliokuja walikuwa kama thelathini, na mwenye mkahawa alileta pilau bila kuulizwa kwa sababu alijua mkutano wetu bila pilau huwa mkali. Watu walinisalimu kwa adabu, ile adabu ya kumsalimu mgonjwa. Mwenyekiti aliweka simu yake katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Dar kulikuwa bado asubuhi, na wakala alikuwa ndiyo kwanza ameketi ofisini. Shoga yangu alikuwa ameketi naye. Nilimsikia akikohoa, na nilikijua kikohozi hicho.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa upole, na nikasema kwa upole, nashangaa mpaka leo. Nikasema: "Mnasema barua ina saini yangu, kwa hiyo nimeiandika mimi. Mwenyekiti, hii kompyuta yangu, hii simu yangu. Vishike."

Akaviweka mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

Kutoka Dar sauti ya shoga yangu ikasema, "Na kama amempa mtu neno lake la siri? Si atamwandikia yeye?"

Watu wakaguna kukubali. Mimi moyoni nikamsifu, maana ni swali ambalo ningeliuliza mwenyewe.

"Basi mwenyekiti alibadilishe," nikasema. "Aweke neno lake analolijua yeye na Mola wake."

Ikawa shughuli. Mwenyekiti huandika kwa kidole kimoja, na hicho kidole hushauriana kwanza. Aligeukia ukutani ili asionekane, akaandika, akakosea, akaandika tena. Pilau ilianza kupoa. Hatimaye akafunga kompyuta, akaitia ndani ya moja ya mabegi yake ya Shiling, akavuta zipu.

"Sasa hata mimi mwenyewe siwezi kuingia kwenye barua zangu," nikasema. "Tunakubaliana?"

Wakakubaliana.

Nikamtazama Mlubumbashi, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza na kompyuta yake mwenyewe, sahani ya nyama pembeni. Akabonyeza mara moja. Akachukua mfupa.

Tulingoja. Sekunde kumi. Mtu mmoja akaanza kucheka kidogo, kwa dharau. Halafu tukasikia kiti cha wakala kikilia kule Dar.

"Imeingia barua," akasema.

"Kutoka kwa nani?" akauliza mwenyekiti.

"Kutoka kwake. Anwani yake. Alama ya kijani. Saini imethibitishwa."

"Isome."

Wakala husoma kila kitu kwa sauti ile ile, ya mtu anayesoma masharti ya bima. "Kwako mheshimiwa, salaam sana, natumaini magoti hayajambo. Tafadhali sana, tafadhali sana, kontena likifika, mabegi yote ya kike ya mwenyekiti wetu apewe paka wa ghalani kwako. Paka atie sahihi." Akauliza vilevile: "Nimpe?"

Mkahawa ulipasuka. Kuna mzee wa Tandika alicheka mpaka akapigwa mgongoni. Mwenyekiti alikuwa amelikumbatia lile begi lenye kompyuta yangu kwa mikono miwili, anatazama zipu, anatazama simu, anatazama zipu. Nilimwona akielewa. Lilimfika usoni polepole, kama afanyavyo mambo yake yote, na lilipomaliza kufika akasema kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kumsikia nayo: "Hakuandika! Nimemshikia mimi mwenyewe, hakuandika!"

Lakini sikuwa nimemaliza, na raha ya kushinda mtu huila mpaka mfupa. Nikawaambia ufunguo ule mfupi tunautoa sasa hivi, mbele yao. Mlubumbashi alikuwa ameuandaa mpya tangu asubuhi, biti elfu mbili arobaini na nane, umekatwa vipande viwili. Mwenyekiti akafungua kompyuta yangu, mimi nikaingia kwenye ule ukurasa wa Kichina ulionishinda miaka sita, nikafuta wa zamani, nikatia kipande cha kwanza, nikatia cha pili. Kisanduku kikakubali bila neno. Tukanywa chai ili mtandao upate muda wa kusahau wa zamani. Halafu nikamwambia mwenzangu atume barua nyingine kwa ule ufunguo tuliouvunja, ya kumpa paka na masufuria ya kila mtu.

"Imeingia," akasema wakala baada ya kitambo. "Lakini imeangukia kwenye taka. Alama nyekundu. Inasema saini haijathibitishwa, usiiamini."

Hapo walipiga meza. Waliokuja kutoa mizigo walianza kuulizana nani ameweka nini wapi, nani aongeze. Mwanamke mmoja wa Mwanza akanishika mkono akataka na yeye apimiwe ufunguo wa ofisi yake, na mwingine, na mwingine, na Mlubumbashi ikabidi aweke mfupa chini atafute karatasi ya kuandika foleni. Mwenyekiti akasimama akatamka kwamba mbele yao wote mimi nimetoka safi, na atakayesema vinginevyo nje ya mlango huu atakuwa na neno na yeye. Nikapigiwa makofi. Nilisimama pale nikiyapokea yote, kila kofi, sikurudisha hata moja.

Ningekaa na makofi yangu tungemaliza. Hakuna aliyeuliza ule ufunguo mfupi ulifikaje pale. Wao walidhani ni mambo ya mitambo. Lakini kule Dar shoga yangu alikuwa hajasema neno tangu paka, na marobota yake arobaini hayakuwa yamerudi kwa makofi. Mwizi yule hatukumpata, na mpaka leo hatujampata.

Nikainama kwenye simu. "Shoga, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Barua sikuandika mimi. Lakini ufunguo niliuweka mimi. Nilipewa mrefu, nikaona taabu, nikachukua mdogo kabisa kwa sababu nilijiona hodari wa kubana. Mlango niliuacha wazi kwa mkono wangu miaka sita. Uliponiuliza nikakukatia simu. Mwizi si mimi, mzembe ni mimi. Marobota yako nitayarudisha hata kama ni moja moja."

Mwenyekiti alinitazama kama anayetaka kunirudisha kitini, kwamba kesi imekwisha, nafungua nyingine ya nini. Mimi sikuketi.

"Mwizi ningekusamehe kwa shida," akasema shoga yangu. "Mzembe nimekuzoea miaka tisa." Akavuta pumzi, na nikasikia kwamba naye analia. "Nina marobota sitini pale Zhongda yanangoja. Yatie humo humo. Na barua uiandike wewe."

Nikalia mbele ya watu wazima thelathini, kwa sauti, mchana kweupe, pilau mdomoni, na sikuona haya hata kidogo.